Lili Inasinyaa? Chimbua Kwanza, Dawa Baadaye

Mtu akinipigia simu kuniambia lili zake zinakufa, namuuliza kwanza: umelitazama tunguu? Mara nyingi hajalitazama. Ametazama majani, amepiga picha, ameingia duka la pembejeo akatoka na dawa mbili, ya wadudu na ya ukungu, akazichanganya na kuzipulizia jioni ileile. Tunguu, ambalo ndilo roho ya mmea, limebaki ardhini linaoza bila kufikiwa na tone la dawa hizo.

Ninapanda lili nyumbani, upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Ninaposema lili nina maana ya ile yenye tunguu la magamba na shina moja lililosimama, lenye majani kuanzia chini hadi kwenye maua: ile nyeupe ya umbo la tarumbeta inayopamba makanisa wakati wa Pasaka, zile za Kiasia za rangi kali zisizo na harufu, na zile za mashariki, kubwa, zinazonukia nyumba nzima, kama Stargazer. Yungiyungi la majini ni mmea mwingine kabisa. Hata ile nyeupe ya kandokando ya mito, yenye ua lililojikunja kama faneli, ni ya ukoo mwingine, na hukaa kwenye tope bila shida. Ukizipa hizi za kwetu tope la namna hiyo, utazizika.

Kabla ya dalili zenyewe, lijue tunguu. Kitunguu cha jikoni kina maganda makavu ya kukifunika. Tunguu la lili halina. Magamba yake yako wazi, yamejaa maji, hukauka upesi na kuchubuka upesi. Tena halilali usingizi mzito: hata shina likishakauka, huko chini tunguu bado linapumua na mizizi yake iko hai. Kwa hiyo haliwezi kukaa dukani miezi kwenye rafu kama mbegu ya mahindi, na haliwezi kukaa kwenye maji.

Halichomozi, au limechomoza kisha likanyauka ghafla

Tunguu zima huchomoza ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukifika wiki ya sita hujaona kitu, fukua taratibu kwa mkono, siyo kwa jembe.

Ukilikuta jepesi, magamba yamejikunja na mizizi imekuwa kama nyuzi kavu, lilikufa kabla hujalinunua. Niliwahi kununua matunguu 20 kwa muuzaji mmoja, yamefungwa vizuri kwenye boksi lenye picha ya kupendeza, na 13 yalikuwa ya hali hiyo. Siku hizi sinunui bila kulishika mkononi. Liwe zito, gumu, lenye mizizi minene iliyo hai kwenye kitako. Ukubwa wake hupimwa kwa mzunguko: lenye sentimita 16 hadi 18 litakupa maua kadhaa, la sentimita 10 huenda likakupa ua moja au majani matupu. Ukungu wa kijani wa juujuu kwenye gamba moja au mawili usikutishe, ondoa magamba hayo. Ukilibonyeza likabonyea, liache.

Ukilikuta laini, limeoza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya vifo vya lili katika bustani nilizopita.

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, niliinua tunguu moja ambalo shina lake lilikuwa limenyauka mchana, likasimama usiku, likanyauka tena kesho yake. Juu lilionekana zima, jeupe. Nililigeuza. Kitako chake, pale mizizi inapotokea, kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana. Mizizi ilibaki mitatu. Niligusa gamba la nje kwa kidole gumba likang'oka lenyewe, la pili likafuata, na ndani ya dakika moja nilikuwa na lundo la magamba kiganjani na kitako kilichobaki kama kizibo kilichooza.

Ugonjwa huo wa kuoza kitako huletwa na kuvu aina ya fusariamu anayeishi udongoni. Hupenda joto, hupenda udongo uliolowa, na hupitia kwenye michubuko. Samadi mbichi humpa kila anachotaka. Ukishafika hatua hiyo hakuna dawa ya kupulizia majani itakayokusaidia. Tunguu lenyewe lichome au litupe mbali, usilitie kwenye shimo la mboji, na usirudishe lili mahali pale kwa miaka minne au mitano.

Lakini magamba meupe magumu ya katikati unaweza kuyaokoa. Yabandue, yaoshe, yaloweke nusu saa kwenye dawa ya ukungu, kisha yatie kwenye mfuko wa plastiki wenye takataka za randa zilizolowa kidogo tu, zile ambazo ukizifinya hazidondoshi maji. Weka gizani ndani ya nyumba. Baada ya wiki sita hadi nane utaona vitunguu vidogo kama punje za dengu vimeota chini ya kila gamba. Kutoka hapo hadi ua ni miaka miwili au mitatu. Ni safari ndefu, lakini ni njia ya kuitunza aina uipendayo ambayo huenda usiipate tena sokoni.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuokoa. Jioni chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji. Asubuhi ukikuta maji bado yametuama, hapo si mahali pa lili. Inua tuta sentimita 25 au zaidi, changanya udongo na changarawe nyepesi ya volkano (huku kwetu tunayo tele) pamoja na mboji iliyoiva kabisa. Panda tunguu likiwa na sentimita 12 hadi 15 za udongo juu ya kichwa chake. Wengi hupanda juujuu kama kitunguu maji, kumbe shina la lili hutoa mizizi mingine juu ya tunguu, ndani ya udongo, na hiyo ndiyo inayolilisha na kulishikilia. Lili iliyopandwa juujuu huangukia upande mvua ya kwanza.

Kuna kifo cha tatu, hiki hakina ugonjwa. Jana mmea ulikuwa mzima, leo umelala. Ukivuta, shina linatoka peke yake, na hatua chache pembeni kuna kifusi kidogo cha udongo mpya. Huyo ni fuko. Sumu siipendi, inaua na wasiohusika. Ninachofanya ni kusuka kikapu cha waya wa banda la kuku, ninakifukia chote, na tunguu linakaa ndani yake. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini nayo inafaa. Ukikuta shimo wazi na mabaki ya magamba yametapakaa juu ya ardhi, amepita nungunungu, na kwake hakuna lingine ila uzio.

Majani ya njano

Ya chini yakigeuka njano baada ya maua kwisha, ni kawaida, yaache yamalize kazi. Yakigeuka kabla ya maua, rudi kwenye tunguu: maji yametuama au mizizi imekufa. Yakiwa ya juu, machanga, njano katikati na mishipa ikibaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma kwa sababu udongo umepoteza uchachu. Mara nyingi ni majivu. Tumezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye bustani, na mboga nyingi hushukuru, ila lili zenye harufu, jamaa za Stargazer, hutaka udongo wenye uchachu kiasi, pH 5.5 hadi 6.5. Acha majivu, ongeza mboji ya majani makavu.

Ncha za majani zinaungua

Tatizo hili lilinitesa miaka miwili, na bado sijaona watu wa huku wakilisema sana.

Lili zangu nyeupe zilikuwa zinaota vizuri hadi urefu wa goti. Kisha kwenye majani ya chini na ya katikati, karibu na ncha, kulitokea alama ya kahawia yenye umbo la mwezi mwandamo, upande mmoja wa jani, mkavu kabisa, umetengana na kijani kwa mstari uliokatwa kama kwa wembe. Nilidhani ni jua, nikaweka kivuli. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji, zikazidi. Nilipuliza dawa ya ukungu mara tatu. Hakuna kilichobadilika.

Ila karibu na jiko nilikuwa na vyungu vinne vya lili hizohizo, vilivyotoka boksi lilelile, udongo uleule. Havikuwa na alama hata moja. Tofauti ilikuwa ndoo: vile vya jikoni vilimwagiliwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la mgongoni mwa nyumba, bustani ilimwagiliwa maji ya kisima.

Ukiishi kati ya Arusha na Maji ya Chai huhitaji kuambiwa maji ya huku yana nini. Utaona kwenye meno ya watu. Miamba ya volkano ya Meru inatoa floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima, kiasi kwamba pale Ngurdoto kiliwekwa kituo cha utafiti wa kuiondoa kwenye maji ya kunywa kwa kutumia mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Vipo vyanzo vingi huku vinavyovuka hapo mara kadhaa. Bonde la Ufa lote lina habari hiyo, na wenzetu wa Nakuru na Naivasha wanaijua vizuri. Na lili nyeupe ya Pasaka ni miongoni mwa maua yanayoumizwa upesi na floraidi: hupanda na maji kutoka mizizini, hujikusanya kwenye ncha za majani, na ncha hufa.

Tiba yake ni ya ndoo kweli. Mwagilia maji ya mvua, hasa lili za kwenye vyungu. Usiweke mbolea ya TSP wala superfosfeti nyingine, kwa kuwa nazo huja na floraidi yake. Usichanganye perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) kwenye udongo wa vyungu, nayo inayo. Kwa lili nyeupe unaweza kuongeza chokaa ya kilimo kidogo, udongo ufike pH 6.5 hadi 7, maana hapo floraidi hushikwa na udongo isiingie mmeani kwa wingi. Usifanye hivyo kwa Stargazer na wenzake, utawaletea ile njano ya kukosa chuma niliyoieleza. Hao wape maji ya mvua tu.

Majani yaliyokwisha kuungua hayaponi. Tazama yatakayofuata.

Usichanganye jambo hili na kuungua kwa majani ya juu kabisa, yale machanga yanayozunguka vitumba vikiwa bado vidogo. Hilo hutokea zaidi kwenye Stargazer na matunguu makubwa, hewa ikiwa nzito ya unyevu na mmea ukikua mbio: kalsiamu haifiki kwenye majani machanga kwa wakati. Punguza kumwagilia, fungua hewa ipite, na usiweke mbolea ya kukuzia majani katika wiki hizo.

Madoa ya mviringo wakati wa masika

Yanaanzia majani ya chini. Kwanza ni kidoa kama tone la maji lililozama, kisha kinakuwa cha kahawia hafifu chenye ukingo mwekundu au mweusi kidogo, cha umbo la yai. Mvua ikishika siku tatu mfululizo, madoa yanaungana, jani linalegea na kuning'inia kwenye shina kama tambara, na ugonjwa unapanda ngazi moja kwenda juu kila siku. Petali nazo hupata vidoa. Asubuhi yenye ukungu ukitazama kwa karibu utaona manyoya ya kijivu.

Ni botritisi, kuvu wa majani na maua. Mbegu zake zinahitaji jani libaki limelowa saa nyingi ndipo ziote, kwa hiyo vita yake ni kukausha majani. Acha sentimita 20 hadi 25 kati ya tunguu na tunguu. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, usirushe maji juu ya majani, wala usimwagilie jioni. Majani yenye madoa yachume kukiwa kukavu, uyachome. Dawa ya mankozebu au ya shaba ni kinga, si tiba. Ipulize mwanzoni mwa Machi kabla masika hayajakaza, na ujue kwamba mvua kubwa huiosha. Tunguu haliozi kwa ugonjwa huu, lakini mmea uliopoteza majani mapema hautalilisha, na mwakani utalikuta limesinyaa.

Majani yamejikunja, yana michirizi ya rangi mbili

Inamisha kichwa utazame chini ya vitumba na kwenye kikonyo cha majani machanga. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa foleni, wanafuata utamu wa vidukari. Wachache wapukutishe kwa vidole, wengi wape maji ya sabuni ya kipande, na urudie baada ya siku nne.

Vidukari wenyewe si hatari sana. Hatari ni virusi wanavyovibeba kutoka mmea hadi mmea. Majani huwa na michirizi ya kijani kilichopauka, hujisokota, shina hudumaa, na ua la rangi moja hutoka na mabaka. Mmoja wa virusi hivyo hukaa kwenye matango, maboga na magugu ya kawaida, kwa hiyo usipande lili ubavuni mwa bustani ya matango. Mmea ukishapata virusi haupati nafuu. Ung'oe leo, na tunguu lake, hata kama lilikuwa ghali. Najua inauma, niliacha moja kwa huruma, msimu uliofuata nikang'oa tisa.

Mtandaoni utaonyeshwa sana mende mwekundu mwenye kung'aa anayekula majani ya lili yakaisha. Ni adui mkubwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mimi sijakutana naye huku, na sioni sababu ya kununua dawa yake. Mashimo kwenye majani ya kwetu mara nyingi ni konokono. Toka na tochi saa mbili usiku utawaona.

Vitumba vinadondoka kabla ya kufunguka

Ama kivuli kimezidi (lili hutaka saa sita za jua), ama udongo ulikauka siku chache vitumba vikiwa vidogo. Kwa lili ya chungu iliyo ndani ya nyumba, angalia kama imekaa jirani na ndizi zinazoiva: hewa ya matunda yanayoiva huangusha vitumba.

Paka

Siliweki hili mwishoni kama nyongeza. Kila sehemu ya lili ni sumu kwa paka: jani, petali, chavua iliyomwangukia manyoyani akajilamba, hata maji ya chombo cha maua. Huharibu figo, na paka anaweza kufa ndani ya siku chache. Ukimwona anatapika, hataki kula, na ndani kuna lili, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Mwenye paka anayeingia ndani asikate lili za kupamba sebule.

Asiye na paka, akate, ila aondoe vile vichavulio vya rangi ya kutu kabla havijapasuka. Chavua ikigusa nguo usiifute kwa maji, ibandue kwa selotepu.

Mwaka wa kwanza ilichanua sana, mwaka wa pili majani matupu

Malalamiko haya nayapata kuliko yote, na watu hudhani wamekosea kitu.

Uliza kwanza ulikataje. Ukilikata shina lote hadi chini ili upate ua refu la chombo, umelinyima tunguu chakula cha mwaka mzima. Bakisha angalau nusu ya shina na majani yake, na liache hadi likauke lenyewe. Katika miezi hiyo baada ya maua ndipo mbolea ina maana zaidi kuliko wakati wowote: mboji mara moja, maji ya kiasi, matandazo ya nyasi kavu ili udongo usipate joto.

Kama yote hayo ulifanya, sababu ni baridi. Lili ni mimea ya nchi zenye majira ya baridi. Tunguu linahitaji wiki kadhaa za ubaridi ndipo lipate nguvu ya kutoa ua kwa wakati. Matunguu yanayoletwa kutoka Uholanzi yameshapitishwa kwenye vyumba vya baridi kabla ya kusafirishwa, ndiyo maana mwaka wa kwanza yanachanua hata kwenye joto. Mwaka wa pili yanategemea baridi ya kwako. Julai ya Arusha tunavaa masweta, lakini udongo wake haufiki huko, na Dar es Salaam au Mombasa ndiyo kabisa. Lili nyeupe, ambayo asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani na Taiwan, huvumilia kuliko zile za mashariki, kwa hiyo anayeanza aanze na hiyo.

Baridi tunaipata kwenye friji. Majani yakishakauka, chimbua, chagua matunguu magumu, yapunguze udongo bila kuyasugua na bila kukata mizizi. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa, wenye takataka za randa zenye unyevu kidogo. Yaweke sehemu ya mboga, kwenye nyuzi 4 hadi 7, kamwe si kwenye friza, na usiweke matofaa, maparachichi wala ndizi mbivu humo, hewa yake huua chipukizi lililo ndani ya tunguu. Fungua kila wiki utazame: yakikauka nyunyiza maji kidogo, lenye ukungu mwingi litoe. Lili nyeupe inatosheka na wiki sita. Za mashariki huwa nazipa wiki nane hadi kumi.

Ukitaka nyeupe zichanue kwa ajili ya Pasaka, hesabu kurudi nyuma. Kwangu huchukua kama miezi minne kutoka kupandwa hadi ua la kwanza kufunguka. Pasaka ikiwa mwishoni mwa Machi, matunguu yapandwe mwishoni mwa Novemba, na yaingie friji katikati ya Oktoba. Ikiangukia katikati ya Aprili, sogeza kila kitu mbele wiki mbili au tatu, na uandike tarehe kwenye mfuko kwa kalamu isiyofutika, ili wa nyumbani asiyakate kachumbari.